Kiinitete hakifi ndani ya mtungi

Nilijua kabla hata sijamaliza kurekebisha mwanga wa hadubini. Kiinitete hai cha ng'ombe, yaani mimba changa ya siku ya 7, kina ukingo laini na seli zilizoshikana kama ngumi iliyofumbwa. Hiki kilikuwa kimeingia weusi katikati, na pembeni seli zilikuwa zimeachiana kama shanga zilizokatikiwa uzi. Nilikilaza kwenye maji ya kulelea kwa saa 24, maana kiinitete kilichotoka kwenye baridi kinastahili muda wa kujikusanya. Kesho yake kilikuwa vilevile, ila weusi umezidi.

Kilikuwa cha nne katika kundi la viinitete 8. Vitatu vya kwanza nilikuwa nimeviweka kwa wapokeaji, yaani ng'ombe wa kubeba mimba ya mwingine, bila kuvitazama, kama ilivyo kawaida siku hizi, na wapokeaji wote watatu walirudi kwenye joto, yaani hawakushika mimba. Ng'ombe aliyetoa viinitete hivyo alikuwa ameshakufa kwa uzee. Hakukuwa na kumrudia tena. Kila mrija uliobaki kwenye mtungi wa naitrojeni ya kimiminika ulikuwa na ndama wake wa mwisho anayewezekana, na aliyeigandisha mirija yote hiyo ni mimi, kwa mikono yangu, siku moja, kwenye mashine moja.

Tangu siku hiyo swali moja halijaniacha: kiinitete hufia wapi hasa?

Wafugaji wengi, na hata wahimilishaji wazoefu, huniuliza kwanza kimekaa mtungini miaka mingapi. Naelewa kwa nini. Kitu kilichokaa sana tunakihofia. Lakini ndani ya naitrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri, hakuna maji yanayotembea wala kimeng'enya kinachofanya kazi. Kuzeeka kunahitaji kemia, na kemia humo imesimama. Kinachobaki ni mionzi hafifu ya kawaida iliyopo kila mahali duniani, nayo ingehitaji muda mrefu mno kupita maisha ya mfugaji yeyote ndipo idhuru. Mradi naitrojeni haikupungua, mrija wa miaka 20 na mrija wa mwezi uliopita ni sawa.

Kiinitete hufia njiani. Hufa kikienda kwenye baridi, au hufa kikirudi. Ukanda wa hatari uko takriban kati ya nyuzi 15 na nyuzi 60 chini ya sifuri, na kila kiinitete lazima kiuvuke mara mbili. Nikisikia mtu anazungumzia kuboresha uhai wa viinitete vilivyogandishwa, swali langu la kwanza siku hizi ni hilo: unaboresha safari ya kwenda au ya kurudi?

Tuanze na maji, kwa sababu habari yote ni ya maji. Kiinitete cha siku ya 7 kina upana wa kati ya milimita 0.15 na 0.19 hivi. Kikiwa kimefikia hatua ya blastosisti, yaani kimeshajijengea uwazi wa maji ndani, kina seli mia moja na zaidi, na kila seli ni mfuko wa maji uliozungushiwa utando mwembamba. Barafu ikijitengeneza ndani ya mfuko huo, utando na vyote vilivyomo huharibika na hakuna cha kuokoa. Dawa inaonekana rahisi: poza polepole ili maji yapate muda wa kutoka kabla hayajagandia ndani. Ni kweli, ila polepole mno nako kuna mauti yake. Barafu inapoanza nje ya seli hujichukulia maji matupu na kuacha chumvi nyuma. Maji yanayobaki yanazidi kuwa makali, yanavuta maji kutoka ndani ya seli, seli inasinyaa, na ikikaa mno katika ukali huo, protini na tando zake haziponi.

Mwaka 1972 watafiti Peter Mazur, Stanley Leibo na Ernest Chu waliyaweka mambo haya mawili pamoja katika dhana moja. Ukipoza haraka kupita kiasi, unaua kwa barafu ya ndani. Ukipoza polepole kupita kiasi, unaua kwa ukali wa chumvi. Kila aina ya seli ina mwendo wake wa salama katikati. Kwa kiinitete cha ng'ombe kilicho kwenye kikinga baridi kiitwacho ethilini glaikoli, mwendo huo ni takriban nusu nyuzi kwa kila dakika, kuanzia nyuzi 6 chini ya sifuri hadi kufikia nyuzi 32 au 35, ndipo mrija huzamishwa kwenye naitrojeni. Piga hesabu: ni karibu saa nzima ya kushuka ngazi moja moja. Nimewaona watu wakiongeza mwendo kidogo ili wawahi kufunga kazi. Kila nikiona hivyo moyo huniuma, kwa sababu dakika 10 walizookoa zimelipwa na kitu ambacho hakiwezi kulalamika.

Mwendo peke yake hautoshi. Lazima maji yawe na mwenza, yaani kitu cha kuyapunguzia makali. Kitu hicho kilipatikana mwaka 1949 nchini Uingereza, pale Chris Polge, Audrey Smith na Alan Parkes walipoona mbegu za jogoo zikiamka hai baada ya kugandishwa. Walidhani wametumia maji ya sukari ya matunda. Walipoichunguza chupa yenyewe wakakuta ndani yake mna gliseroli. Huwa naikumbuka chupa hiyo kila ninapoandika kibandiko. Miaka 23 ilipita kabla ya viinitete kufuata mbegu: mwaka 1972 David Whittingham, Leibo na Mazur waligandisha viinitete vya panya na kupata watoto hai, na mwaka 1973, huko Cambridge, Ian Wilmut na Rowson walipata ndama wa kwanza duniani kutokana na kiinitete kilichogandishwa. Walimwita Frostie. Huyu ni Wilmut yuleyule aliyekuja kuongoza kazi iliyomleta kondoo Dolly mwaka 1996, ila kwetu sisi wa viinitete vya ng'ombe Frostie ndiye mkubwa.

Gliseroli ilikuwa na taabu yake. Huingia kwenye seli taratibu na kutoka taratibu. Ukikiyeyusha kiinitete kilichojaa gliseroli na kukitumbukiza ghafla kwenye maji ya kawaida, maji hukimbilia ndani kabla gliseroli haijatoka, na seli hufura hadi kupasuka. Kwa hiyo ilibidi kuiondoa kwa hatua, kwenye visahani kadhaa, chini ya hadubini, palepale zizini. Ethilini glaikoli ina molekuli ndogo zaidi. Huingia upesi na kutoka upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilianza kutumika kwa namna iliyobadilisha kazi nzima: kiinitete kinagandishwa kwenye ethilini glaikoli, mrija unayeyushwa, na unawekwa moja kwa moja kwenye mfuko wa uzazi kama mrija wa mbegu. Kiwango cha kawaida ni moli 1.5 kwa lita, na wengi huongeza sukrosi kidogo, moli 0.1. Sukrosi haiingii kwenye seli. Hubaki nje, ikivuta maji kabla ya kugandisha, na wakati wa kurudi huyazuia maji yasiingie kwa pupa.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Mrija wa milimita za ujazo 250, ule mwembamba wa kawaida, hupakiwa kwa safu. Kuna safu ya maji, kisha kiputo cha hewa, kisha safu ya katikati yenye kiinitete, kisha kiputo kingine, kisha safu ya maji. Ukishafungwa, mrija hushushwa hadi nyuzi 6 au 7 chini ya sifuri. Hapo maji yake yamepita kiwango cha kuganda lakini bado ni maji. Yanasubiri kuchokozwa. Usipoyachokoza yanaweza kuendelea kushuka hadi nyuzi 10 au 15 yakiwa maji bado, halafu yakaganda yote kwa mpigo. Kuganda hutoa joto, kwa hiyo ndani ya mrija joto hupanda ghafla, kisha hushuka kwa kasi kubwa kuifuata mashine ambayo imeshatangulia chini. Ile nusu nyuzi kwa dakika uliyoipanga kwa uangalifu haipo tena. Seli hazikupata nafasi ya kutoa maji, na barafu imezikuta zimejaa.

Ndiyo maana tunapanda mbegu ya barafu. Unachukua kibano kilichopozwa kwenye naitrojeni, unaugusa mrija mahali palipo mbali na kiinitete, na palepale unaona weupe unachipuka. Kisha unasubiri dakika kadhaa barafu itambae hadi kote, ndipo unaruhusu mashine ianze kushuka.

Siku ile nilifanya hivyo. Niligusa mirija yote 8, kila mmoja kwenye safu ya juu, nikaona weupe, nikaurudisha mahali pake. Sikurudi kutazama. Mashine iliandika mstari ulionyooka bila kasoro, na karatasi ile niliitunza kama ushahidi kwamba kazi ilikuwa safi. Lakini mashine hupima joto la chumba chake. Haijui kilichomo ndani ya mrija.

Baada ya kiinitete cha nne kufa, nilipakia mirija mitupu 20 kwa namna ileile, nikaiweka kwenye mashine, nikaigusa juu kama kawaida yangu, nikaisubiri kwa dakika zilezile. Kisha niliivuta mmoja mmoja na kuitazama mbele ya kitambaa cheusi. Kwenye mingi barafu ilikuwa imepita. Kwenye mingine ilikuwa imesimama kwenye kiputo cha hewa. Juu ya kiputo weupe, chini ya kiputo maji maangavu kabisa, na chini ya kiputo ndiko kiinitete kingekuwa kimekaa. Nilikaa nikiutazama mrija mmoja wa namna hiyo kwa muda mrefu. Ulikuwa mzuri, unang'aa, na ndani yake ningekuwa nimeua.

Tangu wakati huo nagusa kwenye ukingo wa safu ya kiinitete yenyewe, upande ambao kiinitete hakipo, na baada ya dakika 5 natazama kila mrija. Kila mmoja. Usioonyesha weupe kwenye safu ya katikati naugusa tena. Hakuna dawa mpya wala kifaa kipya nilichonunua kwa ajili ya hili. Nasema hivi kwa sababu kwenye mikutano na kwenye majarida nguvu nyingi huenda kwenye kutafuta kimiminika bora, na mara chache mno namsikia mtu akiuliza: ulirudi kutazama?

Nisieleweke vibaya, kiinitete chenyewe kina sehemu yake, na sehemu hiyo ni kubwa. Vipo viinitete ambavyo hakuna mikono itakayovivusha. Kwa utaratibu wa IETS, jumuiya ya kimataifa ya teknolojia ya viinitete, daraja la 1 ni kiinitete ambacho angalau asilimia 85 ya seli zake ni nzima na zimeshikana. Daraja la 2 ni kuanzia asilimia 50. Cha daraja la 2 kikiwekwa kibichi kwa mpokeaji aliye tayari kinaweza kabisa kuwa ndama, lakini kugandishwa kutakipunguzia seli ambazo hakikuwa nazo za kupoteza. Kwa hiyo kigandishwe cha daraja la 1, kilicho kati ya morula iliyoshikana, yaani fundo la seli, na blastosisti, na kigandishwe ndani ya saa chache baada ya kuoshwa kutoka kwenye mfuko wa uzazi. Najua ugumu wake. Mwenye ng'ombe amesimama mlangoni, ng'ombe ametoa viinitete vitatu tu, viwili ni daraja la 2, na anataka vyote viingie mtungini. Kumwambia hapana ni sehemu ya kazi. Mtungi hauwezi kukifanya kiinitete kuwa bora kuliko kilivyoingia.

Halafu kuna mafuta. Ndani ya seli za kiinitete cha ng'ombe mna matone ya mafuta, ndiyo akiba yake, na ndiyo hukipa ile rangi ya hudhurungi chini ya hadubini. Mafuta na baridi havipatani: yanapopoa hubadilika kutoka ulaini kuwa ugumu, na tando zilizoyazunguka hukakamaa na kupoteza uwezo wa kujirekebisha. Viinitete vya nguruwe, vyenye mafuta mengi kuliko vya ng'ombe, vilishindikana kwa miaka mingi, hadi watafiti wa Japani, Nagashima na wenzake, walipoonyesha mwaka 1995 kwamba ukiyaondoa mafuta hayo kiinitete kinavuka. Kwa ng'ombe tofauti huonekana hata kati ya aina na aina. Viinitete vya Jersey huwa vyeusi zaidi na huvumilia baridi kidogo kuliko vya Holstein, na anayefanya kazi na aina zote mbili hahitaji kuambiwa.

Lakini tofauti kubwa kuliko zote ni kati ya kiinitete kilichooshwa kutoka kwa ng'ombe na kile kilichotengenezwa maabara. Cha maabara, hasa kikilelewa kwenye maji yenye seramu (majimaji ya damu), hunywa mafuta na kulimbikiza. Huja kikiwa kizito na cheusi, na kwenye baridi hufa kwa wingi kuliko nduguye. Hili si jambo dogo la pembeni: kwa takwimu za IETS, mwaka 2016 viinitete vya ng'ombe vya maabara vilivyofaa kutumika vilizidi vile vya kuoshwa kwa mara ya kwanza duniani. Yaani vingi kati ya vile tunavyovipeleka kwenye baridi leo ndivyo visivyoiweza. Watu wamejaribu kuongeza L-kanitini ili seli iyachome mafuta yake, forskolini ili iyavunje, na aina za asidi ya linoleiki ili isiyalimbikize. Matokeo yamekuwa ya kupanda na kushuka kutoka maabara moja hadi nyingine. Kilichothibitika kwa uthabiti zaidi machoni pangu ni kuiondoa seramu, au kuipunguza sana, katika siku za kulea. Ukubwa wa kiinitete hupungua kidogo, kinakua taratibu, hakivutii sana kwenye picha. Kinavuka.

Kwa viinitete hivyo vya maabara ipo njia nyingine kabisa, ya kugandisha kwa kioo. Mwaka 1985 William Rall na Gregory Fahy walionyesha kwa viinitete vya panya kwamba ukiongeza vikinga baridi hadi kiwango kikubwa na kupoza upesi, maji hayapati nafasi ya kujipanga kuwa fuwele. Huwa mazito, mazito zaidi, hadi yanakuwa kama kioo. Hakuna barafu hata chembe, si nje wala ndani. Mwaka 1998 Gábor Vajta na wenzake walivuta mirija ya plastiki kwa joto ikawa myembamba kuliko kawaida, wakabeba kiinitete ndani ya tone dogo, na kasi ya kupoa ikapita nyuzi 20,000 kwa dakika. Linganisha na nusu nyuzi yetu. Ni kuuruka ukanda wa hatari badala ya kuutembea.

Naipenda njia hii na naitumia maabara. Ina sharti lake: kwenye kimiminika cha mwisho kiinitete hukaa sekunde 20 au 30 tu, kwa kuwa vikinga baridi kwa kiwango kile ni sumu, na mikono inayotetemeka haina nafasi ya pili. Wakati wa kurudi nako lazima uwe na visahani vya sukrosi vya kupunguza makali hatua kwa hatua. Zizini hilo ni zito. Pia mrija ulio wazi hugusana na naitrojeni yenyewe, na naitrojeni inaweza kubeba vijidudu. Kwa hiyo kwa kiinitete kizuri kilichooshwa, kinachokwenda kuwekwa shambani na mtu aliye peke yake na ndoo ya maji ya uvuguvugu, bado nachagua ngazi ya polepole. Kikifanyiwa vizuri hutoa mimba 50 hadi 60 kwa kila wapokeaji 100, na hiyo si njia ya kuionea haya.

Sasa safari ya kurudi. Hapa ndipo uchungu wangu ulipo, kwa sababu kazi ya saa nzima ya kwenda huharibiwa kwa sekunde za kurudi.

Kwanza mtungi. Wengi wanaoweka viinitete walianza na uhimilishaji, na mkono wao umezoea mbegu. Mrija wa mbegu una mamilioni. Ukiunyanyua juu ya shingo ya mtungi ukitafuta jina, wakafa nusu, nusu iliyobaki itaficha kosa lako na ng'ombe atashika mimba. Kwenye mrija wa kiinitete yumo mmoja. Mrija ni mwembamba, haubebi baridi ya kutosha kujilinda, na hewa ya shingoni ni moto mkali ukilinganisha na unakotoka. Ukipanda kupita nyuzi 130 chini ya sifuri, barafu ndogo ndogo zilizolala huanza kuungana kuwa kubwa. Unaurudisha chini, unaganda tena, hakuna kinachoonekana kwa nje. Mwezi ujao mtu mwingine anaunyanyua tena. Kiinitete hicho kitakuja kuandikwa kwamba kilikufa kwa kukaa sana. Andika ramani ya mtungi, ujue mrija uko kwenye kikombe kipi kabla hujafungua, usipandishe kikombe juu ya shingo, na ukipita sekunde chache hujaupata, teremsha, usubiri, uanze upya.

Pili kuyeyusha. Hapa kuna mambo mawili yanayopingana na yote ni ya kweli. Ukiutoa mrija kwenye naitrojeni na kuutumbukiza papo hapo kwenye maji ya moto, barafu iliyokakamaa kama kioo hupata mshtuko na kupasuka, na ufa ukipita kwenye kiinitete unakikata. Ganda lake la nje lililochanika ni alama ya hilo. Basi mrija unashikwa hewani kwanza, sekunde 10 hivi, ili uvuke ule ugumu wa kioo taratibu. Lakini usiushike mno, kwa sababu ukishavuka hapo barafu huanza kukua, na sasa unatakiwa uende mbio. Kutoka hewani, moja kwa moja kwenye maji ya nyuzi 30 hadi 35, hadi barafu iishe. Pole kwanza, mbio baadaye. Tumia kipimajoto na saa. Kidole si kipimajoto, na kuhesabu kimoyomoyo huku mpokeaji anarusha mateke si saa.

Ukishaufuta mrija na kuupakia kwenye bunduki ya kuwekea, kiinitete bado kimo ndani ya ethilini glaikoli, kwenye joto, na kwenye joto kikinga baridi hugeuka kero. Kiwe kimefika kwenye mfuko wa uzazi ndani ya dakika 10. Mpokeaji awe ameshakaguliwa, ameshafungwa, ameshasafishwa, na upande wenye mwili njano kwenye ovari, ule uvimbe unaotunza mimba, umeshajulikana kabla mtungi haujafunguliwa. Nimeona mrija ukiyeyushwa ndipo mpokeaji wa kufaa aanze kutafutwa. Sitaki kuona tena.

Juu ya mpokeaji nitasema machache, ingawa ni yeye anayemaliza safari. Kiinitete kilichovuka kimepoteza baadhi ya seli na saa kadhaa za ukuaji. Kuanzia karibu siku ya 15 hadi ya 17 kitatakiwa kutoa interferoni tau ya kutosha kumwambia mama kwamba yumo, mwili njano usiyeyuke. Kiinitete kilichochelewa hutoa sauti ndogo. Ndiyo maana mpokeaji aliyepishana na mtoaji katika kuingia joto kwa zaidi ya saa 24 anaweza kupata mimba kutoka kwa kiinitete kibichi na kuikosa kutoka kwa kilichogandishwa. Sekunde ulizozembea kwenye mtungi huonekana kama joto lililorudi wiki mbili baada ya kukiweka.

Mirija minne ilikuwa imebaki ya yule ng'ombe. Niliiacha muda mrefu bila kuigusa. Kisha wapokeaji wawili walipokuwa tayari siku moja, tena wazuri, nikayeyusha miwili kwa utaratibu huu wote, na kila hatua nikaiandika na saa yake. Mmoja alirudi kwenye joto. Mwingine alizaa jike mwenye alama nyeupe ileile kwenye paji la uso kama mama yake.

Miwili imebaki, kikombe cha tatu, upande wa nyuma. Barafu ilipita au haikupita kwenye kiputo siku ile nilipokuwa naamini mashine, na hakuna ninachoweza kufanya leo kubadili hilo. Mpokeaji mmoja ataingia joto wiki hii. Kipimajoto nimekikagua asubuhi, na kwenye daftari nimeshachora safu za saa: hewani, majini, kwenye bunduki, ndani.